Nani analinda mimba changa? Homoni na tumbo la uzazi katika miezi 3 ya kwanza

SOMO LA BIOLOGIA KWA WOTE



Katika sanduku la maswali la gazeti letu tumekuta karatasi moja isiyo na jina. Imeandikwa hivi: "Mwalimu, dada yangu alikuwa na mimba ya miezi miwili. Ikatoka. Mama mkwe wake anasema ni kosa lake, juu alibeba maji mingi na alikuwa anakasirika. Wengine wanasema kuna mutu alimufunga tumbo. Kwenye kituo cha afya walimwambia tu: homoni zilishuka. Sasa mimi nauliza: homoni ni nini, na nani alizishusha?"

Aliyeandika anataka kujua mambo mawili: ginsi mwili unavyofanya kazi, na tena kama dada yake iko na kosa. Tutajibu yote mawili kwa utaratibu, kwa sababu la pili halijibiki mbele ya la kwanza.

Vijana wa kiume, musicheke na musigeuze ukurasa. Siku moja mutakuwa waume na baba, na maneno mutakayosema siku ya taabu yataponya ao yataumiza.

1. NYUMBA YENYEWE

Tumbo la uzazi (wengine wanasema kizazi, ao nyumba ya mtoto) ni kitu kidogo kwa mwanamke asiye na mimba. Urefu wake ni sentimetri 7 ao 8, uzito wake gramu 60 hivi. Liko sawa avoka ndogo iliyogeuzwa kichwa chini. Mwisho wa mimba lenyewe linafika karibu kilo 1, bila kuhesabu mtoto, maji na kondo.

Ukuta wake uko na sehemu tatu: ngozi nyembamba ya inje, misuli mingi katikati, na utando laini wa ndani wenye damu na tezi nyingi. Chini kuna shingo, ndiyo mlango. Sisi leo tutashika mambo matatu tu. Ili mimba changa ikae, utando unapashwa kuwa tayari kumpokea mtoto na kumlisha, misuli inapashwa kutulia, na mlango unapashwa kufungwa. Haya matatu yote yanaamriwa na homoni.

Homoni ni kitu ambacho tezi fulani ya mwili inakitengeneza na kukimwaga katika damu, ili kipeleke habari kwa kiungo kilicho mbali. Tuseme ni sawa barua. Barua inapita mbele ya nyumba zote za mtaa, lakini anayeifungua ni mwenye jina lake tu. Hivi hata homoni: damu inaizungusha mwili mzima, lakini seli itakayoisikia ni ile yenye kipokezi chake. Seli isiyo na kipokezi haisikii kitu.

2. ESTROJENI INALIMA, PROJESTERONI INATAYARISHA

Tuhesabu kwa kuanzia siku ya kwanza ya damu ya mwezi. Tutwae mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, ijapokuwa wengine wana siku 25 ao 32 na hawana ugonjwa wowote.

Katika wiki 2 za kwanza, ovari (fasi mayai yanapokomalia, moja kuume na moja kushoto) zinatoa homoni iitwayo estrojeni. Kazi yake ni kukuza. Damu ya mwezi imeacha utando ukiwa mwembamba sana, milimetri 1 ao 2 hivi. Kwa nguvu ya estrojeni unakua na kufika karibu milimetri 10. Tena estrojeni inafanya kazi ingine isiyoonekana: inaweka katika seli za utando vipokezi vya homoni ya pili, ile itakayokuja nyuma. Kama estrojeni haikutangulia, barua ya pili itafika na haitapata nani wa kuifungua.

Karibu na siku ya 14 yai linatoka. Fasi lilipotoka, ndani ya ovari, kunabaki kama kidonda kidogo. Kidonda hiki hakikauki bure. Kinajaa seli zenye rangi ya manjano na kugeuka kiwanda kipya, cha sentimetri 2 hivi. Katika masomo yetu ya Kifaransa kinaitwa corps jaune. Hapa tutakiita mwili wa manjano. Kinatoa estrojeni, lakini zaidi sana kinatoa homoni ya pili, projesteroni.

Mbele ya yai kutoka, projesteroni katika damu iko karibu nanogramu 1 kwa mililita, ao chini. Wiki moja nyuma yake inaweza kupita 10. Nanogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara miliari moja! Mutasema ni kidogo mno. Lakini kidogo hicho kinabadilisha nyumba nzima. Utando unaacha kukua juu-juu, tezi zake zinajipinda na kujaa sukari na vyakula, mishipa yake ya damu inajizungusha sawa kamba iliyosokotwa.

Estrojeni ni kama mtu anayelima shamba kwa jembe. Projesteroni ni yule anayekuja nyuma, anavunja mabonge ya udongo na kutia mbolea. Mbegu ikianguka mbele ya kazi ya pili kuisha, haishiki. Tena utando hauko tayari kila wakati. Unapokea kwa siku chache tu, karibu na siku ya 20 mpaka ya 24.

3. SENTINELE WA SIKU 14

Sasa musikie vizuri. Mwili wa manjano ni sawa sentinele wa usiku aliyeandikwa kazi kwa siku 14 tu. Siku zake zikiisha na hakuna aliyemwambia abaki, anakunja shuka lake na kwenda. Projesteroni inashuka. Mishipa ya damu ya utando inajikaza, utando unakosa damu, unavunjika. Vitu viitwavyo prostaglandini vinatoka katika utando na kukaza misuli, na ndiyo maumivu ya tumbo ambayo wasichana wengi wanayajua. Utando unatoka pamoja na damu.

Damu ya mwezi basi hapana uchafu wala adhabu. Ni alama kwamba sentinele amekwenda kwa sababu hakupata habari ya mtoto.

Watu walijuaje mambo haya? Mnamo mwaka 1903, munganga mmoja wa Breslau (mji uliokuwa wa Ujerumani, leo ni Wrocław katika Poland), jina lake Ludwig Fraenkel, alitangaza majaribio yake juu ya sungura wenye mimba changa. Aliharibu miili ya manjano katika ovari zao, na mimba zikapotea. Mwaka 1929, katika mji wa Rochester huko Marekani, George Corner na mwanafunzi wake Willard Allen walitoa ovari za sungura waliokuwa wamepata mimba sasa hivi, kisha wakawadunga maji yaliyotoka katika miili ya manjano ya nguruwe. Mimba zikaendelea! Basi ikajulikana kwamba ovari inailinda mimba kwa kitu kinachopita katika damu. Katika mwaka 1934 kitu hicho kilipatikana kikiwa safi kabisa, na jina lake projesteroni maana yake ni kama kusema "inayosaidia mimba".

4. BARUA YA MTOTO

Yai na mbegu ya mwanaume vinakutana katika mrija, hapana katika tumbo la uzazi. Yai lililotungwa linajigawa likitembea polepole, na karibu siku 3 ao 4 linaingia katika tumbo la uzazi. Kati ya siku ya 6 na ya 10 nyuma ya yai kutoka, linajipanda katika utando.

Hapo hesabu iko ya haraka. Sentinele amebakiza siku chache tu. Kama hapati habari, ataenda, utando utavunjika, na kale kaumbo kadogo, kasikopita punje ya chumvi, katasukumwa inje pamoja na damu. Nani atamwambia abaki?

Mtoto mwenyewe! Seli zake za inje, zile zitakazokuwa kondo la nyuma (plasenta), zinaanza kutoa homoni iitwayo HCG. Homoni hii inaingia katika damu ya mama, inafika kwenye ovari, na kuuambia mwili wa manjano: "Usiende. Niko hapa. Endelea na kazi." Mwili wa manjano unasikia na kuendelea kutoa projesteroni. Ndiyo maana damu ya mwezi haionekani.

Katika wiki za kwanza kiasi cha HCG kinajizidisha mara mbili kila siku 2 ao 3. Kinafika juu kabisa karibu na wiki ya 8 mpaka ya 10 (wiki za mimba tunazihesabu toka siku ya kwanza ya damu ya mwezi wa mwisho), kisha kinashuka. Kushuka huko ni kwa kawaida, na tutaona sababu yake.

Kipimo cha mimba cha mkojo kinatafuta HCG hii. Mwaka 1928, Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin walitangaza kipimo chao: walidunga panya wadogo mkojo wa mwanamke na kutazama ovari zao. Tangu miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1960 hospitali nyingi za ulimwengu zilitumia chura wa Afrika, Xenopus laevis. Walimdunga chura mke mkojo, na kama mwanamke alikuwa na mimba, chura alitaga mayai mbele ya siku moja kuisha. Leo kipande cha karatasi kinatosha. Lakini mukumbuke: karatasi inasema tu kwamba HCG iko. Haisemi kama mtoto yuko muzima, wala haisemi yuko wapi. Tutarudi juu ya neno hili.

5. PROJESTERONI INAFANYA NINI NDANI YA TUMBO?

Ya kwanza, inageuza utando kuwa kitanda na jiko. Seli za utando zinanenepa na kujaa chakula. Watu wengi wanafikiri toka siku ya kwanza mtoto anakula kwa damu ya mama. Hapana. Mpaka karibu na mwisho wa mwezi wa tatu, damu ya mama haijaanza kutembea kwa wingi katika kondo. Mtoto anakula kwanza maji ya tezi za utando, zile tezi ambazo projesteroni ilizijaza.

Ya pili, inatuliza misuli. Seli za misuli ya tumbo la uzazi, zikipashana habari, zinakaza pamoja na kusukuma. Projesteroni inapunguza mawasiliano yao. Mmoja akikaza hapa, jirani hajui. Kwa hiyo mama anaweza kusikia maumivu kidogo-kidogo kama ya kuenda mwezini, na hakuna kinachosukumwa.

Ya tatu, inafunga mlango. Ute wa shingo unakuwa mzito na kuziba njia sawa kizibo cha chupa, ili vijidudu visipande.

Ya ine, inazungumza na walinzi wa mwili. Nusu ya mtoto inatoka kwa baba, ni kusema kwa mama ni mgeni. Askari wa damu wangeweza kumpiga sawa wanavyopiga vijidudu. Projesteroni inasaidia wamvumilie.

Estrojeni nayo hailali. Inaongeza damu inayofika katika tumbo la uzazi na kukuza misuli yake. Kwa kazi ya homoni hizi mbili lile tumbo gumu linalainika, linakua, na karibu na wiki ya 12 mzalishaji anaweza kuligusa kwa mkono juu kidogo ya mfupa wa chini ya tumbo.

Na kwa sababu damu inafika kila fasi, projesteroni inatuliza hata matumbo ya chakula. Ndiyo sababu moja mama mwenye mimba anafunga choo na kujaa hewa. Hapana uvivu wala deko.

6. KUBADILISHANA ZAMU

Kati ya wiki ya 7 na ya 9 hivi, kondo linakuwa na nguvu ya kutosha kutengeneza projesteroni lenyewe. Toka hapo mwili wa manjano unaweza kupumzika, na HCG inaweza kushuka bila hasara.

Mwaka 1973 Arpad Csapo na wenzake walitangaza habari ya wanawake waliotolewa mwili wa manjano kwa operesheni. Kama ulitolewa mbele ya wiki ya 7, projesteroni ilishuka na mimba ikatoka. Kama walipewa projesteroni ya dawa, mimba ilikaa. Kama ulitolewa nyuma ya wiki ya 9, projesteroni ilishuka kidogo, kisha kondo likachukua kazi na mimba ikaendelea. Kwa hiyo hata leo, munganga akilazimishwa kutoa ovari yenye mwili wa manjano katika wiki za kwanza, anampa mama projesteroni mpaka kondo lichukue zamu.

Ushuhuda mwingine ulitoka Australia mwaka 1984. Waganga walitangaza habari ya mwanamke ambaye ovari zake hazikufanya kazi. Alipewa yai la mwanamke mwingine lililotungwa, pamoja na estrojeni na projesteroni za dawa. Mimba ilishika, na mtoto akazaliwa. Hakukuwa na mwili wa manjano hata mmoja! Homoni zilitosha kwa wiki za kwanza, kisha kondo likafanya kazi yake. Mwishoni mwa mimba kondo linatoa karibu miligramu 250 za projesteroni kila siku.

7. HOMONI IKISHUKA: MOSHI AO MOTO?

Sasa tunafika kwenye swali la karatasi yetu. Projesteroni ikishuka mbele ya kondo kuchukua zamu, mutaweza kusema wenyewe kitakachotokea: mishipa inajikaza, utando unavunjika, misuli inaamka, mlango unafunguka, damu inatoka. Hivi neno la kituo cha afya, "homoni zilishuka", hapana uongo. Lakini ni nusu ya jibu. Tuulize: nani alianza?

Kuna njia mbili. Katika njia ya kwanza, sentinele anaondoka wakati mtoto angali muzima, kama vile ovari ikitolewa kwa operesheni. Njia hii si ya kila siku. Katika njia ya pili, mtoto mwenyewe anaacha kukua kwanza. Anaacha kuandika barua. HCG inashuka, sentinele anaenda, projesteroni inashuka, na damu inaonekana siku kadhaa ao hata wiki kadhaa nyuma ya mtoto kuacha kukua. Hapa homoni iliyoshuka ni moshi. Moto uliwaka mbele.

Na moto huo ni nini? Katika mimba zinazotoka katika miezi 3 ya kwanza, karibu nusu ao zaidi ziko na kosa katika kromozomu. Munakumbuka somo la mwaka uliopita: 23 za mama na 23 za baba, jumla 46. Pengine katika kujigawa inazidi moja ao inakosa moja, na mtoto hawezi kuendelea. Kosa hili linafanyika wakati yai ao mbegu inatengenezwa, ao katika siku za kwanza kabisa za kutungwa, mbele ya mama hajajua kama ana mimba. Ndoo ya maji iliyobebwa wiki ya 8 haiwezi kurudi nyuma kwenda kuharibu kromozomu za wiki ya 2. Hasira nayo haiwezi.

Tena jambo hili si la mtu mmoja. Katika mimba 100 zilizojulikana, 10 mpaka 20 hivi zinatoka zenyewe, nyingi katika miezi 3 ya kwanza. Hesabuni wamama wa mtaa wenu. Walio wengi wananyamaza juu wanaogopa kuulizwa walifanya nini.

Na yule mutu wa kufunga tumbo? Kromozomu hazihitaji adui ili zikosee kujigawa. Kumtafuta adui kunaleta vita ya pili nyumbani wakati kilio cha kwanza hakijaisha.

Hatusemi kwamba kila mimba iliyotoka ni kromozomu. Malaria na homa kali, kaswende, ugonjwa wa sukari usiotunzwa, ugonjwa wa tezi ya shingo, pombe na tumbako, umbo la tumbo la uzazi, vyote hivi vinaweza kuharibu mimba. Umri wa mama nao unaongeza hatari. Kwa sababu hiyo kipimo ni kizuri kupita maneno ya mtaani. Malaria inatibiwa, kaswende inatibiwa. Lakini maneno ya mama mkwe hayatibu kitu.

8. BASI TUNYWE HOMONI?

Wengine watasema: kama projesteroni inalinda mimba, tununue farmasi, kila mwenye mimba anywe. Tujifunze kwa makosa ya wengine.

Toka miaka ya 1940 waganga wa Marekani na wa Ulaya waliwapa wanawake wengi wenye mimba dawa iitwayo diethylstilbestrol, estrojeni iliyotengenezwa na watu, wakifikiri inazuia mimba kutoka. Mwaka 1953 uchunguzi uliofanywa Chicago ulionyesha kwamba haisaidii. Dawa ikaendelea kuandikwa! Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wa Boston walionyesha kwamba wasichana waliozaliwa na mama waliokunywa dawa hii waliweza kupata kansa isiyo ya kawaida katika viungo vya uzazi. Dawa ilikuwa imemeza miaka 30 mbele ya hatari yake kujulikana.

Projesteroni hapana diethylstilbestrol, lakini nayo ilipashwa kupimwa. Huko Uingereza waganga walifanya uchunguzi mkubwa mara mbili. Wa kwanza ulitangazwa mwaka 2015: wanawake 836 waliokwisha kupoteza mimba mara nyingi bila sababu kujulikana. Nusu walipewa projesteroni, nusu dawa ya bure isiyo na kitu. Waliozaa walikuwa 66 kwa 100 upande mmoja na 63 upande mwingine, tofauti isiyotosha kuonyesha faida. Wa pili ulitangazwa mwaka 2019: wanawake 4153 waliotoka damu katika mimba changa. Waliozaa walikuwa 75 kwa 100 na 72 kwa 100. Lakini kwa wale waliokwisha kupoteza mimba mara 3 ao zaidi, waliozaa walikuwa 72 kwa 100 waliopewa projesteroni, na 57 tu waliopewa dawa ya bure.

Munaona maana yake? Kama mtoto aliacha kukua, kumwaga maji juu ya moshi hakuzimi moto. Lakini kwa mama anayetoka damu na aliyekwisha kupoteza mimba mbele, projesteroni inaweza kusaidia. Anayechagua ni munganga aliyempima, hapana muuzaji wa dawa wala jirani.

Na neno moja la furaha: wanawake waliotoka damu katika uchunguzi ule, hata wasiopewa dawa, walio wengi walizaa. Karibu mwanamke 1 kwa 4 anaona damu katika mimba changa. Kuona damu si hukumu.

9. LA KUFANYA

Mwanamke mwenye mimba akiona damu, aende kwenye kituo cha afya ao maternite siku hiyo. Asingoje usiku, na asinywe dawa ya majani ya "kufunga mimba" ambayo hakuna anayejua kiasi chake.

Aende mbio, na watu wamsindikize, kama damu inajaza kitambaa kizima kwa saa moja, kama iko na homa ao damu inanuka, kama anazimia, kama anasikia maumivu makali upande mmoja wa tumbo ao kwenye bega. Hapa ndipo tunarudi juu ya karatasi ya mkojo. Pengine mtoto amejipanda katika mrija. HCG iko, projesteroni iko, damu ya mwezi imekoma, hata utando wa tumbo la uzazi umejitayarisha na tumbo lenyewe limekua kidogo! Homoni inapita katika damu, na tumbo la uzazi halijui kwamba kitanda kiko tupu. Lakini mrija ni mwembamba. Ukipasuka, mama anaweza kufa kwa damu inayomwagika ndani bila watu kuiona inje. Maumivu ya upande mmoja na kuzimia havingoji kesho.

Kwa wengine wote: kulala ndani ya chandarua, kuenda kwenye kipimo cha mimba mapema, kuacha pombe na tumbako. Mume aende pamoja na bibi yake.

10. KWA WEWE ULIYEANDIKA

Umeuliza nani alizishusha homoni za dada yako. Mimi sikumpima, siwezi kuapa. Lakini elimu inaonyesha kwamba mara nyingi anayeanza kunyamaza ni mtoto mwenyewe, kwa kosa la kromozomu ambalo hakuna aliyelichagua, na mwili wa mama unafuata tu. Maji aliyobeba hayakufanya hivyo, wala hasira yake. Mwambie dada yako maneno haya kwa sauti, na kama unaweza, uyaseme hata mbele ya mama mkwe wake kwa heshima. Mwambie tena kwamba walio wengi waliopoteza mimba moja wanazaa nyuma yake. Na kama ikitoka tena, aende apimwe pamoja na mume wake, juu sababu nyingine ziko na dawa.

MASWALI YA KURUDILIA

1. Juu ya nini projesteroni haiwezi kufanya kazi katika utando kama estrojeni haikutangulia?
2. Mwili wa manjano unaishi siku ngapi kama hakuna mimba? Eleza kinachofuata katika utando na katika misuli.
3. Nani anatoa HCG, na inaenda kufanya kazi wapi?
4. Taja kazi 4 za projesteroni ndani ya tumbo la uzazi.
5. Wanawake wawili walitolewa mwili wa manjano, mmoja wiki ya 6, mwingine wiki ya 10. Kitatokea nini kwa kila mmoja, na kwa sababu gani?
6. Jirani anasema: "Mimba ilitoka juu homoni zilishuka." Mwonyeshe tofauti ya moshi na moto.
7. Mwanamke kipimo chake cha mkojo kinaonyesha mimba, na anaumwa sana upande mmoja. Kwa nini kipimo hicho hakitoshi kututuliza?

Majibu muyaandike katika kaye ya biologia. Tutayasahihisha pamoja darasani.

Mwalimu wenu wa biologia